Tete la Majini, Tete la Nchi Kavu

Jumamosi, 8 Desemba 2018. Fort Worth

Nimekata matete leo. Mawili ni ya Aimable, na nimeyachagua kwa uangalifu kuliko matete yote niliyowahi kukata maishani, kwa sababu nataka yamwaibishe.

Kando ya mto Trinity, ng'ambo ya reli, yameota kama msitu. Wenyeji wanayahesabu kuwa magugu. Mwaka juzi watu wa jiji walikuja wakayanyunyizia dawa, na mwaka uliofuata yakarudi marefu zaidi. Concilie, binti yangu, ndiye aliyeniendesha. Alikuwa ametoka kazini ghalani, macho mekundu, akabaki garini na joto lake. "Baba, polisi wakija, mimi na wewe hatujuani."

Nieleze kazi yenyewe, maana sijawahi kupita kitu bila kukieleza. Zumari pacha ni mabomba mawili ya tete yaliyofungwa ubavu kwa ubavu kwa uzi na nta, na mtu mmoja huyapuliza yote kwa pamoja. Kila bomba lina ulimi wake, uliochongwa katika ngozi ya tete lenyewe. La kushoto halina matundu ya vidole. Linashika sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, na baba yangu aliliita Mkaaji. La kulia lina matundu, linapanda na kushuka, linaondoka na kurudi. Hilo ni Msafiri. Mpulizaji hakati pumzi: anavuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma ile iliyomo kinywani.

Sheria ya kwanza ni kwamba mabomba yote mawili hutoka katika tete moja, pingili zinazofuatana. Tete hunywa pumzi ya mtu. Pingili zilizokua pamoja hunywa pamoja na kuvimba pamoja, kwa hiyo sauti zao haziachani.

Tete la kwanza la Aimable nimelikata ndani ya maji, nikilowa hadi magotini. La pili nimelikata juu ya tuta la reli, mahali pakavu penye changarawe. Katika nyumba yetu hii, ambamo mashine ya joto inakausha hata midomo, yatapatana vizuri. Yakifika Houston, kwenye hewa ile nzito kama shuka mbichi, la majini litakunywa na kunywa, na la tutani litakataa. Yataachana mbele za watu.

Aimable ni mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kambini Kigoma, akiwa kijana mwenye mashavu membamba yasiyoweka hewa. Sasa anakaa Alief, mtaa wa Houston, anafua mashuka ya hoteli siku za kazi na kupuliza zumari kwenye harusi mwisho wa wiki. Alhamisi alipiga simu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Zumari yangu imepasuka. Niliisahau garini, jua likaimaliza. Nakuomba nyingine, Mwalimu. Aprili kuna tamasha kubwa la Waafrika huku kwetu Alief."

"Nitakutengenezea."

"Mungu akubariki! Nilifikiri utakataa."

Hakuuliza habari za kaburi la mke wangu. Hajawahi kuniuliza.


Jumatano, 12 Desemba

Matete nimeyasimamisha gereji, nyuma ya tangi la maji ya moto. Baba aliyaweka juu ya meko. Kila mtu na moshi wake.


Jumapili, 16 Desemba

Baada ya misa wameniuliza tena kama nitapuliza Krismasi. Nimesema hapana, ninayo sauti moja tu. Vijana hawakuelewa. Wazee waliitikia kwa kichwa.

Mke wangu Clothilde alikuwa wa Uvira. Mimi Mrundi, yeye Mkongo, na lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana hata sasa naandika kwa Kiswahili. Alipojifungua Concilie nilimtungia wimbo ambao Msafiri anazunguka mbali sana, mpaka unadhani amepotea, kisha anarudi kukaa kando ya Mkaaji. Sikuwahi kuupiga nje ya nyumba zetu. Niliufundisha kwa mtu mmoja.

Clothilde alifariki Mei, mwaka huu, tukamzika tarehe 2 Juni. Kwetu wapiga zumari, mtu akifiwa na mwenzi wake, tundu la chini la Mkaaji, linalotolea sauti, huzibwa kwa nta pale pale kaburini, na kwa mwaka mzima mjane hupuliza Msafiri peke yake. Siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa msiba, nta hutolewa na sauti ya pili hurudi. Aliyefiwa hazibi mwenyewe wala hafungui mwenyewe. Lazima awe mpigaji mwingine. Mtu akijizibia, ni kama kusema amefiwa na hana watu.

Katika Texas yote najua mpigaji mwingine mmoja. Alisema atakuja. Tulisubiri. Padri alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena. Watu wa makaburi walikuwa wamesimama na mitambo yao. Concilie alikuwa akipiga simu isiyopokelewa. Mwisho nilitoa nta mfukoni, nikailainisha kwa vidole vyangu, nikaziba mwenyewe, na watu wote wakiangalia.

Wiki iliyofuata mtu mmoja alinionyesha video. Ni Jumamosi ile ile, harusi kule Pearland, kusini ya Houston. Aimable amevaa kofia ya manyoya ya kuchekesha, anampulizia bibi harusi akiingia. Anampulizia wimbo wa Clothilde. Kabla ya kuanza anasema kwenye kipaza sauti kuwa ni wimbo wa kijijini kwao.

Niliitazama mara moja tu. Iliniganda kichwani.


Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Ndizi, maharage, kuku. Concilie kalala mezani.


Jumamosi, 5 Januari 2019

Amepiga simu mama mmoja Mkenya, Nyaboke, muuguzi anayekaa Pearland. Ndiye anayesimamia tamasha la Aprili. Aimable amemweleza kwamba zumari mpya haipulizwi hadharani bila aliyeitengeneza kuwapo, basi ananialika nikae mbele na wageni wa heshima.

"Mzee, Aimable anakutaja kila saa. Mwalimu hivi, Mwalimu vile! Nikamwambia huyo Mwalimu lazima nimuone."

Nilimuuliza anamfahamu Aimable tangu lini.

"Alitupigia kwa harusi ya msichana wangu, Jackie, mwaka jana mwezi wa sita. Watu walilia, Mzee."

Basi ndiye mwenye harusi ile ya kwenye video. Nilimwambia, kwa utaratibu kabisa, kwamba siku hiyo nilikuwa namzika mke wangu na Aimable alitakiwa awe kaburini.

"Hakuniambia," alisema. "Woi, Mzee. Haki ya Mungu hakuniambia. Angesema tu neno moja ningemwachilia. Hata Jackie mwenyewe angemwambia aende."

Nilikuwa nimemchukia mwanamke yule bila kumjua. Leo chuki hiyo imetoka kwake yote na kuhamia kwa Aimable, ambaye tayari alikuwa na yake. Mtu anayezuiwa nitamwelewa. Huyu hakuzuiwa. Hakuomba hata ruhusa.


Jumamosi, 19 Januari

Upepo wa kaskazini. Nimekata pingili na kuzisugua ndani kwa waya wa moto. Tete la majini lina pingili ndefu na nyama laini. La tutani ni fupi, gumu, linalia kisu kikipita. Nimechagua sehemu ambazo kwa macho zinalingana. Kwenye ncha tu, ukitazama vinyweleo vya tete kwa karibu, utaona moja lina vitundu vikubwa na jingine vidogo. Hizo ncha nimezifunika kwa nta nzito.

Baba aliwahi kuletewa ombi kama hili na mtu aliyetaka kumharibia mpinzani wake. Alimfukuza kwa fimbo. Nimemfikiria Baba leo, kisha nikaendelea kusugua.


Jumanne, 22 Januari

Mvua ya barafu. Concilie hakwenda kazini. Tumecheza karata, kanishinda, kafurahi kama mtoto.


Jumamosi, 2 Februari

Concilie amekuja gereji kutafuta koleo, akanikuta nachonga ndimi. Aliziangalia kwa muda. Hajajifunza kupuliza, lakini amekulia katikati ya vumbi la matete.

"Hizo za Aimable, Baba?"

"Za Aimable."

"Mbona umezikata kwenye matete mawili?"

Niliendelea kuchonga. Alikaa juu ya ndoo.

"Baba, Mei tunamwondolea Mama msiba. Ukimmaliza Aimable mwezi wa nne, mwezi wa tano nani atamfungulia Mama?"

Nilimwambia jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria siku nyingi, wala si hasira ya ghafla: nta ikae. Kama wa kufungua ni yule, nta ikae mpaka mimi nami nizikwe nayo.

"Hilo ulilosema umelisema kwa ajili yako," akasema. "Mama hajaulizwa."

Akachukua koleo akaondoka. Jioni alinipikia dagaa bila kunisemesha.


Alhamisi, 14 Februari

Zimefungwa. Nimezipuliza ndani ya nyumba, joto likiwa juu. Zinapatana kama mtu na mwangwi wake.


Jumamosi, 9 Machi

Aimable amekuja kuzichukua. Ameendesha tangu alfajiri kutoka Alief, amenenepa, mashavu sasa yanayo nafasi. Ameleta unga wa muhogo, ndagala, yaani dagaa wakavu wa kwetu, chupa ya mawese. Mlangoni akaanza kelele.

"Concilie, dada yangu! Baridi hii ya Fort Worth mnaishi nayo vipi? Mimi pua imegoma, inasema turudi nyumbani!"

"Mwambie pua yako ipunguze maneno, ingia nifunge mlango," Concilie akajibu, bila kucheka.

Kwa desturi mtengenezaji hupuliza mara moja mbele ya anayepokea, kuonyesha kuwa sauti zimepatana. Anayepokea hazigusi kwa mdomo. Nikapuliza. Joto lilikuwa juu, nilikuwa nimelipandisha tangu asubuhi. Aimable alifumba macho. Nilipomaliza alibaki vilevile, kama mtu anayeendelea kusikia.

"Hakuna mwingine, Mwalimu," akasema. "Wanaojiita wapigaji huko kwenye simu, wote wanacheza."

Nikazifunga katika kitambaa cha pamba. Nikamwambia kinachotakiwa kusemwa, na nilikisema polepole: "Zilaze. Usizipulize hata mara moja mpaka siku ile, mimi nikiwa nimekaa mbele yako."

"Ndivyo ulivyotufundisha."

Alipokea kwa mikono miwili. Kisha akakaa akiwa ameziweka mapajani, na uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, kuhusu Mama Clothilde. Ile siku mimi..."

"Kunywa chai," nikamwambia. "Itapoa."

"Ni kwamba watu wa Pearland nilikuwa nimeshawapa neno, na mimi nikaona..."

"Concilie, mwongezee sukari."

Alikunywa chai. Akazungumzia barabara, na magari makubwa ya Dallas, na mashine mpya za kufulia. Alipoondoka, Concilie alisimama dirishani hadi gari likapinda kona.

"Alitaka kusema kitu, ukamziba mdomo kwa chai."

"Alikuwa na miezi yote ya kusema."

"Na wewe ulikuwa na miezi yote ya kumuuliza."


Ijumaa, 22 Machi

Maua ya buluu yameanza kando ya barabara kuu. Clothilde aliyaita mboga za serikali, kwa sababu hakuna anayeyachuma.


Jumatano, 10 Aprili

Mvua kubwa. Nimekaa nikiufikiria mtego wangu kama fundi anavyofikiria daraja alilojenga, na nimeona kitu ambacho sikukiona mwanzo.

Aimable ana wiki nyingi na zumari zile, kule Houston, kwenye unyevu wote. Akizipuliza hata mara moja chumbani kwake, atasikia zinaachana. Ana masikio, nilimpa mimi. Atajua, ataziweka kando, atatafuta udhuru, mtego wangu utakuwa kazi bure. Ataanguka tu kama hatazigusa. Ataanguka tu kama atatii neno langu.

Maana yake nimetengeneza kitu kitakachomwaibisha Aimable mwenye heshima na kumwokoa Aimable asiye nayo. Na tangu Juni nimesema kwa kila mtu kwamba hana heshima.

Nimejiambia kwamba atazipuliza. Mtu aliyeuchukua wimbo wa marehemu hawezi kungoja. Hatazilaza. Nina uhakika.


Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Misa ndefu. Sijapokea komunyo. Concilie ameona.


Jumapili, 28 Aprili. Pearland, nyumbani kwa Nyaboke

Naandika mezani kwa Mama Nyaboke, ambaye amenipa chumba chenye feni na kunikataza kuondosha sahani. Ni mwanamke mwema. Nataka kuandika ya jana yote kwa mpangilio.

Mimi na Concilie tulifika Alief saa nane mchana. Uwanja wa nyuma ya kanisa, mahema, moshi wa nyama choma, mistari ya magari hadi barabarani. Hewa ilikuwa ile niliyoihesabia. Shati lilinigandia mgongoni kabla sijafika kwenye kiti. Nilifurahi. Naliandika hilo kama lilivyokuwa.

Nyaboke alinikalisha mbele kabisa. Mshereheshaji alikuwa kijana wa Kikenya, Brandon, mwenye miwani ya jua na kipaza sauti asichokiachia.

"Haya wasee, tulieni! Sasa tunaleta mzee mmoja wa Burundi, anapuliza filimbi mbili na mdomo moja! Mimi hata moja imenishinda!"

Watu wakacheka. Aimable akapanda. Hakuvaa ile kofia ya manyoya. Alivaa suti nyeusi, kama ya msibani, na kitambaa cha pamba kilikuwa mkononi mwake, kimefungwa kwa fundo langu. Mimi hufunga fundo la kushoto, kwa sababu nilivunjika kidole utotoni. Lilikuwa fundo langu lile lile. Halikuwa limefunguliwa.

Nilielewa hapo hapo. Alizilaza.

Nilikuwa nimedhani ataanza na ngoma za harusi, zile za haraka ambazo watu hucheza na kusahau. Aliomba kipaza sauti.

"Mwaka jana nilipiga wimbo harusini, nikasema ni wa kijijini kwetu. Nilisema uongo. Wimbo ule ulitungwa na mwalimu wangu, Mzee Macaire. Yupo pale, mwenye kofia ya kijivu. Alimtungia mkewe, Mama Clothilde. Mama huyo alinilisha kambini, na siku ya kumzika niliona haya ya kuomba ruhusa kwa watu wakubwa, nikabaki harusini. Sikwenda. Leo naurudisha wimbo kwa mwenyewe."

Akafungua fundo.

Miguu yangu ilikuwa mizima. Ningeweza kusimama. Kutoka kitini kwangu mpaka jukwaani ni hatua za mzee tu, na ningesema ngoja, ngoja kwanza. Sikusimama. Ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri tangu Juni, na hakukubali kunipisha nisimame.

Alianza vizuri. Msafiri aliondoka, Mkaaji akashika. Watu walinyamaza, hata wale wa nyama choma. Katika mzunguko wa pili nikasikia tete la majini linaanza kunywa. Sauti ilishuka kidogo, kama mtu anayelegea begani pa mwenzake. Aimable akafungua macho. Akabana mdomo, akajaribu kulipandisha. Likashuka tena. Zikaachana, na kati yao ukatoka mngurumo mbaya, wa mnyama mwenye maumivu. Mtoto mmoja akacheka. Kisha meza moja. Kisha uwanja.

"Ai!" Brandon akasema kwenye kipaza sauti. "Hiyo ni filimbi ama kuna ng'ombe imekanyagwa? DJ, tuokoe!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

Aimable hakukoma. Mpigaji hakati pumzi katikati ya wimbo. Hilo pia nilimfundisha mimi. Aliupeleka wimbo wa Clothilde hadi mwisho, machozi na jasho vikichuruzika mashavuni, na watu zaidi ya elfu wakiucheka. Walikuwa wanaucheka wimbo wake. Jina lake lilikuwa limetajwa dakika chache kabla, kwa mara ya kwanza mbele za watu tangu azikwe, kisha wakaucheka, na kicheko hicho nilikichonga mimi, gereji, kwa wiki nyingi, kwa mikono hii.

Aimable alishuka. Alipita katikati ya meza akaja mbele yangu akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akanirudishia zumari kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Nilizilaza. Wallahi sikuzigusa. Niliziweka juu ya kabati, mbali na dirisha. Niambie nimekosea wapi."

Nikamjibu, "Ni hewa ya huku."

Neno la kweli kabisa. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.


Jumamosi, 4 Mei

Fort Worth. Joto limeanza. Kisasi changu kimekamilika, na nakaa nacho sebuleni kama mgeni aliyekosa basi.


Jumanne, 7 Mei

Nyaboke amepiga. Aimable amekataa harusi tatu. Anasema mtu asiyeweza kulaza zumari hastahili kupuliza. Ametoa hata ile ya zamani iliyopasuka, kaitupa.

"Mzee, mwambie neno. Wewe atakusikia."

Nilimwambia nitafikiri. Akaguna, mguno wa mwanamke aliyeuguza wazee wengi wakaidi.


Ijumaa, 10 Mei

Concilie ameweka mbele ya sahani yangu vipande viwili vya tete alivyovitoa kwenye takataka za gereji. Mabaki. Kimoja cha majini, kimoja cha tutani.

"Nimempigia Aimable," akasema. "Nimemwambia tarehe 25 ni kuganduka kwa Mama na aje. Sikumwambia lingine. Lingine ni lako."

"Amesemaje?"

"Kauliza kama wewe unataka aje. Nimesema ndiyo. Sasa uamue kama nimesema uongo."


Jumatatu, 13 Mei

Mvua.


Jumamosi, 25 Mei

Watu wamejaa nyumba na uwanja wa nyuma. Padri amesoma, wazee wamesema yao, masanduku ya bia yamepangwa kivulini. Kwetu msiba huondolewa kwa kinywaji: anayekunywa na wewe siku ile anakuambia kwamba kati yenu hakuna kilichobaki.

Aimable alikuja na suti ile ile. Alisalimia, akakaa karibu na mlango. Nikamwita chumbani, mimi na yeye. Juu ya meza nilikuwa nimeweka zumari yangu, ile niliyoiziba kaburini kwa Clothilde, yenye nta ya mwaka mzima. Kando yake nililaza zile za tamasha, nimezifungua uzi, nimekwangua nta nzito ya kwenye ncha.

Nikamsogezea. Nilimfundisha huyu mtu kusoma tete kabla hajajua kusoma Kifaransa.

Alichukua la kwanza, akaliinua kwenye mwanga. Akachukua la pili. Alitazama ncha. Alipitisha kidole gumba mara moja, taratibu, halafu tena.

"Hili limekulia majini," akasema.

"Ndiyo."

"Hili mahali pakavu."

"Juu ya reli."

"Ulinifundisha kutazama hapa kwenye ncha."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliziba nisitazame."

"Ndiyo."

Aliyarudisha mezani, moja moja, mbalimbali, kama mtu anayepanga vijiko. Nilingoja anipige. Nilikuwa tayari, ningeweza hata kushukuru. Nje mtu alikuwa anacheka, watoto wanaitana kwa Kiingereza.

"Sindano iko wapi?" akauliza.

Nikampa. Tukatoka. Mbele ya watu wote alikaa kwenye kiti cha mpigaji, akaipasha sindano moto kwa kiberiti, akaitoa nta ya Mkaaji kidogo kidogo mpaka ya mwisho, akaiweka kwenye kiganja changu, kama inavyotakiwa. Kisha akapuliza wimbo wa Clothilde. Sijui niandike nini. Msafiri alikwenda mbali kuliko nilivyomtuma nilipoutunga, akarudi, akakaa. Concilie alijifunika uso kwa kanga. Wazee walisimama.

Alipomaliza alinirudishia zumari kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Pole kwa msiba, Mwalimu." Hakuruka kitu hata kimoja cha desturi.

Concilie akamletea bia, ameshaifungua. Mimi nikiwa nimeshika yangu, nimeinua.

Aimable aliipokea, akaitazama, akaiweka mezani mbele yangu bila kuigusa kwa mdomo.

"Nitaendesha," akasema.

Alief ni safari ya saa nne na zaidi, na mtu anayeendesha hanywi. Hakuna aliyeona ajabu. Ila wazee wa kwetu walinitazama, mmoja mmoja, kisha wakaanza kutazama viatu vyao. Hata tone la kugusia ulimi hakutaka. Gari lake lilitoka taratibu, likawasha taa ya kupinda kona, likapinda.


Jumanne, 28 Mei

Concilie anasafisha. Ameniuliza kama aimwage bia ya Aimable, maana imeshapoteza povu na inakaribisha nzi.

Nimemwambia aifunike kwa kisahani, aiache pale pale.

Zumari ina sauti zake mbili tena. Iko juu ya kabati, mbali na dirisha. Sijaipuliza.